Chupa Tatu za Shangazi Keita

Shangazi Keita alikuwa na pumzi za watu wawili. Hayo si maneno yangu. Ni ya wanyoa kondoo waliofanya naye kazi, na hao hawakuwa wepesi wa kumsifu mtu. Mashine kumi zikinguruma kwa pamoja, kondoo mia mbili wakilia zizini, yeye alisimama mlango wa jikoni akaita "Chai!" mara moja tu, na mnyoaji wa mwisho kabisa kule pembeni akazima mashine yake.

Nilikulia kwenye mabanda hayo ya kunyolea. Kila likizo ya shule tulipakiwa nyuma ya lori pamoja na magodoro, masufuria na gitaa la baba yangu, tukapanda milima ya pwani yetu ya mashariki kutoka shamba moja la Mzungu hadi jingine. Wanaume wakinyoa, Shangazi alikuwa kwenye meza ya kuchambulia sufu. Alilikumbatia joho zima la sufu ya kondoo likingali na joto, akalirusha juu, likafunguka angani na kutua mezani bila kujikunja hata pembe moja. Halafu vidole vyake vikaanza kukimbia: chafu huku, ya tumbo kule, iliyokatika katika gunia lake. Hakuwa akitazama. Alikuwa akinitania mimi, au akimtukana baba mdogo Tūroa, na vidole vikichambua vyenyewe. Mafuta ya kondoo yalimlainisha mikono hata hakuwahi kununua mafuta ya dukani maishani mwake. Mpaka leo, mzee nilivyo, nikinusa sufu mbichi natamani niwe na miaka kumi tena, nimelala juu ya magunia, ninawasikia wakicheka.

Na pumzi hizo hazikuwa za bandani tu. Kwetu sisi Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, mgeni haingii marae, yaani uwanja wa ukoo wenye jumba letu la mikutano, mpaka mwanamke wa pale amwite. Kwetu mwitaji alikuwa Keita. Alisimama barazani mwa jumba na nguo yake nyeusi, sauti ikaanzia juu, ikashuka taratibu ikiwasalimu walio hai na waliokufa, pumzi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewaona wanaume wakubwa wakilia kabla hawajafika hata katikati ya uwanja.

Mwezi wa nne mwaka 1978, kwenye msiba wa jirani yetu mmoja, mwito huo ukakatika. Alianza vizuri, halafu katikati sauti ikaisha kama taa iliyozimwa, akashika nguzo, akavuta hewa kwa taabu. Mwanamke mwingine akaupokea mwito akaumalizia. Watu waliinamisha macho kwa heshima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Vumbi," akaniambia jikoni baadaye.

"Vumbi gani? Mvua imenyesha siku tatu."

"Wewe umeanza kuwa daktari lini, Rīpeka? Si unaosha chupa tu?"

Kweli nilianza kwa kuosha chupa. Niliingia maabara ya hospitali ya mjini nikiwa na miaka kumi na minane, Mmaori peke yangu mle ndani, na baada ya miaka sita mkuu wangu alikuwa ameshanifundisha kutumia hadubini na kuhesabu chembe. Nilijivuna sana. Pia nilikuwa mgomvi. Wenzangu walikuwa wakiweka maziwa yao ya chai katika friji moja na damu za watu, na kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakikai pamoja na chakula, ni mwiko mkubwa. Nilimwaga maziwa yao mara tatu. Mara ya nne wakanunua friji nyingine.

Ilinichukua wiki mbili za kumsumbua Shangazi mpaka akakubali kuja. Daktari alikuwa kijana mwembamba aitwaye Fairlie, mtu wa kusini, mpole, mwenye masikio yaliyokuwa mekundu muda wote. Alimgongagonga mgongoni kwa vidole. Upande wa kushoto ulilia kama ngoma, upande wa kulia kama gogo. Picha ya kifua ikaonyesha weupe umepanda hadi nusu.

"Kuna maji, Mama Keita," daktari akasema. "Si ndani ya pafu lenyewe. Yako nje yake, kati ya pafu na mbavu. Ndiyo maana pafu linabanwa na pumzi hazitoshi."

"Yametoka wapi?"

"Hilo tutayauliza maji yenyewe. Nitaingiza sindano mgongoni niyatoe, na mengine tuyapime." Akafungua faili. "Katika familia yenu, kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana," Shangazi akajibu, macho makavu.

Nilimgeukia, naye akanitazama kwa namna niliyoijua tangu utotoni, namna ya kusema fungua mdomo uone. Nikanyamaza. Lakini kijiji kizima kilijua. Mama yake Keita, ambaye ni bibi yangu mzaa baba, alichukuliwa mwaka 1927 akapelekwa hospitali ya vifua iliyokuwa kilimani, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Keita alikuwa na miaka saba. Mama hakurudi. Walimrudisha ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na wala hawakuruhusu lifunguliwe ili watoto wamwone usoni, jambo ambalo kwa watu wetu ni ukatili usiosahaulika.

Sasa Keita mwenyewe alikuwa akilea mjukuu, Te Rina, mtoto wa miaka mitano. Binti yake alikuwa akifanya kazi kiwandani Wellington na alimwachia mtoto huyo tangu akiwa ananyonya, kama ilivyo desturi yetu bibi kupewa mjukuu amlee. Mtoto hakumjua mama mwingine. Nilielewa kwa nini Shangazi amesema uongo, ila sikuelewa ni kwa kiasi gani anaogopa.

Siku ya Jumanne akatolewa maji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameegemea meza yenye mto, na Fairlie akachoma ganzi, kisha sindano ndefu. Maji ya manjano, rangi ya majani makavu, yakashuka kwenye mtungi wa kioo hadi zaidi ya lita moja. Shangazi akavuta pumzi ya kwanza nzima baada ya miezi mitatu, akasema, "Aisee." Chupa tatu ndogo zikajazwa pia, zikaandikwa jina lake, zikapangwa kwenye toroli nije nizichukue.

Ule mtungi mkubwa ulikuwa ni wa kurudishwa nyumbani. Nilikuwa nimelipigania hilo kwa daktari. Kitu cha mwili kirudi kwenye ardhi ya mtu, kama tunavyozika kondo la nyuma la kila mtoto wetu. Fairlie alikuna sikio lake, akasema haoni ubaya, mradi chupa za maabara zibaki. Baba mdogo Tūroa, mdogo wake Keita, angekuja na gari lake kuuchukua.

Nilifika saa nane mchana na trei yangu. Toroli lilikuwa tupu. Mtungi hakuna, na chupa tatu hakuna. Nilimtazama Shangazi: amelala, uso ukutani, kimya. Mwanamke huyo alikuwa akikoroma hadi paka wanahama nyumba. Nikasimama pale nikamsikiliza asivyokoroma, na hasira ikaanza kunipanda taratibu kutoka miguuni.

Niliomba ruhusa, nikaendesha saa nzima hadi kijijini. Nilimkuta Tūroa nyuma ya nyumba anaosha mikono kwa maji ya bomba, koleo limeegemea uzio.

"Baba mdogo, zile chupa ndogo ziko wapi?"

"Zote ziko mahali pake. Nimesoma dua, kila kitu sawa."

"Umezika majibu! Zile zilikuwa za kipimo!"

"Mimi najuaje? Dada yangu kaniambia chukua zote, hata zile ndogo. Kazitia mwenyewe kikapuni."

"Mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Kafunika na taulo."

"Basi zifukue."

Tūroa akalifunga bomba pole pole. "Unataka nimfukue shangazi yako angali hai? Unaumwa wewe? Chukua koleo, fukua mwenyewe, kisha ukamwambie baba yako."

Sikuthubutu, na yeye alijua sitathubutu. Na hata ningethubutu, maji yaliyolala udongoni hayapimiki tena. Alinipa mkate wa kukaanga nikala njiani nikiendesha, nimenuna.

Asubuhi nikaenda wodini kabla ya kazi. Shangazi alikuwa ameketi, amejichana nywele, anaonekana mdogo kwa miaka kumi kwa ile hewa aliyoipata.

"Usinianze," akasema.

"Unajua kusoma. Chupa zilikuwa na karatasi: Maabara."

"Nilikuwa sijavaa miwani."

"Miwani ilikuwa kichwani! Ipo kichwani hata sasa!"

Akaigusa. Kisha akacheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. "Rīpeka, mambo mengine mtu akiyajua ndiyo yanaanza. Mama yangu alikuwa akikohoa na kupika na kuimba. Siku walipoandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, ndiyo siku walipomchukua."

"Hata hujui kipimo chenyewe kinatafuta nini."

"Nieleze, basi, msomi."

Nikavuta kiti. "Sikiliza. Maji hayo yana aina mbili. Kuna mepesi, kama supu uliyochemsha mifupa dakika tano tu..."

"Funga mdomo."

"Nini tena?"

"Unataja chungu na kilichotoka mwilini mwangu kwa mkupuo mmoja? Wewe uliyemwaga maziwa ya Wazungu wa watu? Nani amekulea?"

"Wewe."

"Basi nilifanya kazi mbovu."

Uso wangu ulichomeka kwa aibu. Alikuwa na haki. Nilitafuta njia nyingine, na nikiitazama mikono yake juu ya shuka, njia ikaja.

"Lile banda la kando ya mto, unalikumbuka? Maji yalipojaa sakafuni, mlitazama nini kwanza?"

"Kama ni ya mtoni au ya zizini."

"Mlijuaje?"

"Wewe mtoto vipi. Ya mtoni yamepenya tu, masafi. Ya zizini ni mazito, yamebeba kila uchafu."

"Na kifuani ni hivyo hivyo. Moyo ukichoka, au ini, au figo, maji hupenya yenyewe, mepesi, hayana kitu. Lakini utando unaolizunguka pafu ukiwa wenyewe ndio mgonjwa, maji huwa mazito, yamejaa protini. Chupa ya kwanza ni ya hilo. Tunapima protini yake, tunailinganisha na ya damu yako."

Alikuwa akisikiliza sasa.

"Chupa ya pili ni meza yako ya sufu. Naweka tone chini ya hadubini, nachambua chembe. Hizi huku, zile kule, nahesabu mia. Zikizidi za usaha, hiyo ni nimonia. Zikizidi zile ndogo za mviringo, ni ugonjwa unaokwenda polepole, kifua kikuu au saratani. Na saratani yenyewe mara nyingine huonekana. Chembe kubwa kubwa, zimejikusanya, hazifanani na nyingine."

"Kama sufu nyeusi kwenye nyeupe."

"Kama hiyo. Chupa ya tatu tunaiotesha. Wadudu wa kifua kikuu ni wachache mle majini, ukiwatafuta kwa macho huwaoni. Lazima uwape chakula na joto usubiri wakue. Ni wavivu. Wiki sita."

"Na mkipima yote msione kitu?"

"Inatokea. Mara nyingine chupa zote tatu zinanyamaza, na daktari anabaki kukuna masikio."

Akatabasamu. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Basi mimi naomba iwe saratani."

Nilidhani sikusikia sawa.

"Saratani nitafia nyumbani," akasema. "Kitandani kwangu, Te Rina kalala miguuni pangu. Kile kingine watanipeleka kilimani, na mtoto atasimama mbali kwenye majani kunipungia mkono, kama nilivyompungia mama."

"Shangazi! Kilimani pamefungwa miaka mingi! Kifua kikuu siku hizi ni vidonge, unapona, unarudi kupiga kelele. Saratani ya mapafuni ndiyo inaua. Mimi usiku na mchana naomba iwe kifua kikuu!"

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Mama yangu naye walimwambia miezi sita tu," akasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, najua jina la kila chembe, na nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu huyu aliyenilea alikuwa akiishi na hofu hiyo tangu akiwa na miaka saba. Nililia mbele yake, naye akanipa ncha ya shuka nijifute.

"Haya," akasema mwishowe. "Mwambie huyo mwenye masikio anichome tena. Lakini kuchambua uchambue wewe. Si mtu mwingine."

Maji yalikuwa yamebaki kiasi, na wiki iliyofuata Fairlie akamchoma. Shangazi alimwambia pia habari za mama yake, kwa sentensi moja, akitazama dirishani. Safari hii nilisimama palepale, nikazipokea chupa tatu zikiwa bado na joto la mwili wake.

Mkuu wangu hakupenda nipime maji ya ndugu yangu. Nikamweleza, akafikiri, akasema nihesabu kwanza, kisha yeye atahesabu upya bila kuniuliza. Protini ilikuwa nyingi, inakaribia ya damu. Kwa hiyo si moyo, si ini, maji ni ya zizini. Halafu nikainama kwenye hadubini. Nimehesabu chembe za maelfu ya watu katika maisha yangu, na siku hiyo tu nilihesabu kwa sauti. Ndogo za mviringo, ndogo za mviringo, moja ya aina nyingine, ndogo za mviringo. Tisini na mbili katika mia. Nilipitisha kioo chote mara tatu nikitafuta sufu nyeusi. Sikuiona.

Mkuu wangu akakaa, akahesabu, akapata tisini na moja. "Sioni saratani," akasema. "Lakini unajua, Rīpeka. Kutoiona si kusema haipo."

Nilijua. Kilichobaki kilikuwa ni chupa ya tatu, iliyopelekwa maabara ya jiji kuoteshwa.

Hizo wiki sita nazikumbuka kuliko miaka mingine mizima. Daktari alimruhusu kwenda nyumbani kwa masharti: mpaka jibu lije alale chumba cha peke yake, na asigusane pua na mtoto. Kwetu salamu ni pua kwa pua, paji kwa paji, watu wanavuta pumzi moja. Te Rina alikuwa akiianza kila siku yake hivyo, kabla ya kunawa uso. Kumkataza mtoto wa miaka mitano jambo hilo ni kumwambia hapendwi tena. Alilia siku ya kwanza hadi akatapika. Siku ya pili akatoka nje, akazunguka nyumba, akapanda ndoo chini ya dirisha la bibi yake, akabandika pua kwenye kioo. Shangazi akabandika ya kwake ndani. Kioo hicho kilikuwa na alama mbili za mafuta, na baba mdogo Tūroa alikataa katakata mtu yeyote kukifuta.

Kila Jumapili nilikwenda kanisani nao. Shangazi alipiga magoti kushoto kwangu akiomba lake, nami nikaomba langu, bega kwa bega, tukivutana kamba mbele ya Mungu. Mara moja alinifinya paja katikati ya sala. "Nakusikia unavyoomba," akanong'ona. "Acha."

"Acha wewe."

Mchungaji akakohoa.

Mwezi wa sita, siku ya mvua, mkuu wangu alipokea simu ya jiji, akaandika, akanisogezea karatasi. Wadudu wameota. Kifua kikuu. Niliingia kwenye chumba cha mafriji nikafunga mlango, nikaruka ruka kama mwendawazimu, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa ugonjwa. Atapona! Hicho tu ndicho kilichokuwa kichwani mwangu.

Alilazwa kesho yake, chumba cha pembeni, wiki mbili mpaka dawa zishike, kisha angekwenda nyumbani na vidonge vya miezi tisa. Fairlie alimweleza vizuri, mara mbili. Hakuna kilima. Te Rina angepimwa na kupewa kinga yake. Baada ya wiki mbili wangegusana pua wapendavyo. Hata akamwonya kwamba dawa moja itageuza mkojo wake uwe rangi ya machungwa, nami nikasubiri Shangazi afanye mzaha, maana mzaha wa namna hiyo hakuwa akiuacha upite.

Hakuufanya. Daktari alipotoka akaniuliza, "Hawa wadudu nimewatoa wapi? Nani kaniambukiza?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa najua. "Pengine ni wa zamani sana. Mtu huwavuta akiwa mtoto, mwili unawafungia kifuani, wanalala. Wanaweza kulala miaka hamsini. Mwili ukizeeka, ukichoka, wanaamka."

"Miaka hamsini."

"Ndiyo."

"Hata hamsini na mmoja?"

Hapo ndipo nilipoacha kutabasamu.

"Mara ya mwisho walipotupeleka kilimani kumwona mama," akasema, "walitusimamisha kwenye majani kama kawaida. Wao barazani, sisi chini. Baba alikuwa akiongea na mlinzi. Mimi nikazunguka kwa nyuma, kwenye kufulia, nikapanda ngazi. Mama alikuwa ameketi peke yake, kajifunika blanketi. Aliponiona akanyoosha mkono nirudi. Sikurudi. Nikamkaribia tu, na yeye akaendelea kunyoosha mkono, nirudi, nirudi, mpaka nikawa nimefika. Akatazama huku na huku. Halafu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaleta pua yake. Tulikaa hivyo muda mrefu, Rīpeka. Alikuwa wa moto. Alivuta pumzi yangu na mimi nikavuta yake mpaka nesi akapiga kelele. Sijawahi kumwambia mtu."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Vidonge vilikuwa ndani ya kikombe kidogo mezani, vyekundu viwili na vyeupe kadhaa.

"Picha yake hatuna hata moja," akasema. "Nguo zake walizichoma. Sauti yake siikumbuki. Kumbe alikuwa humu." Akajiwekea mkono ubavuni, upande wa kulia. "Muda wote huo. Nikichambua sufu, nikiita wageni, nikizaa. Na wewe unaniletea hivi vimuue."

Nilitaka kusema kwamba mdudu si mtu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye majina ya kisayansi. Namshukuru Mungu nilimeza mate nikaimeza pamoja nayo.

"Shangazi," nikasema, "alinyoosha mkono urudi. Alijua alicho nacho. Hakutaka ukichukue."

Kisha akakichukua kikombe, akamimina vidonge kiganjani, akavitenga kwa kidole, vyekundu huku, vyeupe kule, pole pole, akivitazama safari hii.

"Haya, mama," akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi langoni. "Umekaa vya kutosha. Nenda."

Akavimeza vyote, akanirudishia glasi tupu.